Alama Ambayo Hakuna Aliyeisoma

Alhamisi mistari ilikuwapo. Ijumaa haikuwapo.

Alhamisi Sadiya aliwasha kalamu ya leza, ile ya kuchezea inayouzwa sokoni Koboko pamoja na betri zake, akaielekeza kwenye uzi mmoja wa shaba mwembamba kama unywele. Uzi huo aliuchomoa ndani ya waya wa spika za masikioni. Ukutani, hatua nne kutoka mezani, nuru nyekundu ilijikata vipande: wekundu, weusi, wekundu, weusi, kama meno ya kitana. Weusi ndio uliomshangaza. Nuru ilifika mahali pale ikitoka kulia kwa uzi, tena ilifika pale pale ikitoka kushoto, na badala ya kuzidi, ikafutika. Nuru mbili zikazaa giza.

Ijumaa aliwasha tena. Ukutani palikuwa na doa katikati, na huku na huku ukungu mwekundu uliofifia taratibu hadi ukaisha. Hapakuwa na jino hata moja la kitana.

Alikuwa amebakiza siku kumi na mbili kabla ya kwenda Arua.

Karakana ya mafunzo huko Arua ilikuwa imetoa tangazo kwamba safari hii itachukua hata wasio na cheti chochote. Sharti lilikuwa moja: mtu aje na kazi ya mikono yake, aeleze kwa kinywa chake jinsi inavyofanya kazi, kwa Kilugbara, Kiswahili au Kiingereza, na ajibu maswali. Sadiya aliacha shule darasa la sita, mama yake alipougua. Mikono haikumtia hofu, kwani simu zilizoshindikana kwa mafundi watatu zilipona kwake. Kilichomtia hofu ni kinywa. Miaka minne alifanya kazi nyuma ya dirisha dogo la duka la mjomba wake, na wateja wengi wa Koboko walijua vidole vyake bila kujua sauti yake. Mjomba Tahiru ndiye aliyeongea. Yeye aliinamisha kichwa, akapokea simu, akatengeneza, akairudisha.

Lakini nafasi ile aliitaka. Aliitaka hata usingizini.

"Peleka simu," Mjomba Tahiru alimwambia tangu mwanzo. "Simu kila mutu anaelewa."

"Kila mtu atapeleka simu, Mjomba."

"Basi peleka redio. Hii mambo ya kupiga ukuta na taa nyekundu, watasema mtoto ya Tahiru iko na majini."

Aliyemletea mambo hayo ya taa nyekundu ni Mwalimu Lomoro. Alikuwa amefundisha fizikia huko Yei kabla ya vita kumvusha mpaka. Alisomea Nakuru zamani, ndiyo maana Kiswahili chake kilinyooka kama kimepigwa pasi. Alikuja siku moja na simu yenye kioo kilichopasuka, akamkuta Sadiya ameinua kwenye mwanga filamu iliyobanduliwa kwenye kioo cha simu, anaizungusha. Akamuuliza anatafuta nini. Sadiya alijibu kwa sauti ya chini kwamba anashangaa kwa nini filamu mbili zikiwekwa pamoja hupitisha mwanga, na moja ikigeuzwa, giza. Mwalimu Lomoro alisahau simu yake, akavuta ndoo, akaikalia. Tangu siku hiyo alipita kila alipotoka kwenye makazi ya wakimbizi ya Lobule kuja mjini, na kila mara aliacha kitu kimoja cha kufikiria.

Cha mwisho kilikuwa mistari. "Nuru huja kama punje," alimwambia, "punje ndogo ajabu. Lakini hata ungezirusha moja moja, kila punje husafiri kama wimbi, na wimbi hilo hupita pande zote mbili za uzi kwa pamoja. Pande hizo mbili zikikutana ukutani zikienda sawa, unapata mwanga. Zikipingana, unapata giza. Hiyo ndiyo mistari."

Sasa mistari ilikuwa imetoweka, naye hajui imeondolewa na nani.

Alianza na barabara. Malori ya Sudan Kusini hupita mbele ya duka kutwa nzima yakielekea mpakani Oraba, na kila moja linapopita vikombe hulia rafuni. Mwalimu Lomoro alipofika Jumamosi naye alisema hivyo hivyo: "Meza inatikisika. Uzi ukicheza, mistari huchanganyikana mpaka huioni."

Sadiya alishusha vyombo vyote, akaviweka sakafuni juu ya gunia la mchanga. Hakuna mistari. Akangoja Ijumaa nyingine, saa ya swala, wanaume wakiwa msikitini na hata madereva wamezima injini, duka limefungwa na giza limejaa ndani. Uzi ulitulia kama umekufa. Hakuna mistari. Akafuta vumbi kwenye kalamu, akabadilisha betri, akaziba tundu la ufunguo lisiingize upepo. Hakuna.

Mjomba Tahiru aliporudi kutoka swala alimkuta amekaa sakafuni.

"Bado iko tazama ukuta? Kama mutu anangoja bwana harusi atoke huko."

"Mjomba, Alhamisi ile nilifanya nini ambacho Ijumaa sikufanya?"

"Mimi najua? Wewe hapana sema kitu. Mutu akikaa na wewe ni kama anakaa na sanduku."

Lakini swali lile, kwa kuwa amelisema kwa sauti, lilimrudia likiwa limegeuka. Si alichoacha kufanya. Ni alichoongeza.

Alikuwa ameongeza kitu kimoja. Uzi ule mwembamba ulikuwa unajipinda, basi Ijumaa ya kwanza, kabla ya kuwasha, aliubana kwa vipande viwili vya filamu ya kioo, kimoja kulia kwake na kingine kushoto, kingo zao zimegusana nyuma ya uzi. Filamu haizibi nuru, inapitisha. Hakuiona kuwa ni kitu.

Akavitazama vizuri vipande vile. Kila kioo cha simu ndogo, zile za vitufe ambazo watu huziita katochi, kina filamu mbili, ya mbele na ya nyuma. Fundi akizibandua huzitenga, maana ukibandika ya nyuma mbele, mteja atarudi na simu isiyoonyesha kitu. Mezani kwake makopo yalikuwa mawili: filamu za mbele mkono wa kulia, filamu za nyuma mkono wa kushoto. Siku ile alihitaji vipande viwili, akanyoosha mikono yote miwili kwa mpigo mmoja, kama anavyofanya mara mia kwa wiki. Kulia kwa uzi akabandika ya mbele. Kushoto akabandika ya nyuma.

Mtu asiyekuwa fundi wa simu angechukua vipande viwili vya kopo moja, asingejua kitu.

Alibandua ya nyuma. Akachukua kipande kingine cha kopo la kulia, akakikata kwa wembe kikielekea upande ule ule, akakibandika. Sasa pande zote mbili zilikuwa na filamu za aina moja. Akawasha.

Mistari.

Akabandua, akarudisha ile ya nyuma. Ukungu. Akarudia mara tano ili asijidanganye. Malori yalikuwa yamekwisha kuanza tena kupita, vikombe vinalia, wala mistari haikuyajali.

Kwa hiyo haikuwa barabara, wala vumbi, wala unene wa plastiki. Filamu zikifanana, mistari ipo. Zikitofautiana, hakuna.

Jumatatu Mwalimu Lomoro alisimama mbele ya ukuta ule, kofia mkononi.

"Haya niliyasoma," alisema. "Miaka ishirini nimeyafundisha kwa chaki. Sijawahi kuyaona kwa macho." Akajikohoza. "Nilikudanganya kuhusu meza, binti yangu."

"Hukunidanganya, Mwalimu. Ulikisia."

"Haya, wewe usikisie. Niambie."

Sadiya alisema polepole, macho yake kwenye filamu. "Ya mbele inaipitisha nuru ikiwa imelala huku. Ya nyuma inaipitisha ikiwa imelala kule. Nuru ikishafika ukutani, ile ya kulia si sawa tena na ile ya kushoto. Ni kama watu waliotoka kwa milango miwili, hawa wamepakwa chokaa, hawa wamepakwa mkaa. Ukiwakuta njiani unajua kila mmoja alitokea wapi. Haziwezi kufutana tena."

"Na ni nani aliyesoma alama hiyo? Ni nani aliyejua nuru imetokea wapi?"

"Hakuna. Mimi mwenyewe sikujua kama kuna alama."

"Umesema kweli. Inatosha kwamba alama ipo." Mwalimu alikaa kwenye ndoo. "Sasa chukua filamu ya tatu. Iweke mbele, nuru ikiwa imeshapita uzi. Igeuze pole pole."

Aligeuza. Mahali pamoja nuru ya upande wa kulia ilizimika. Akaendelea hadi mahali pengine, ikazimika ya kushoto. Akarudi katikati ya hizo mbili, na ukutani, hafifu lakini wazi, meno ya kitana yakarejea. Sadiya alitoa sauti ambayo Mjomba Tahiru, nje dirishani, aliisikia akageuka.

"Umefuta chokaa na mkaa," alisema Mwalimu Lomoro. "Umepoteza nuru kidogo, lakini waliobaki wote wanafanana, hakuna awezaye kusema nani alitokea mlango gani. Kwa hiyo wanapatana tena. Ila usijisifu mapema. Hapa alama ni moja, na iko kwenye nuru yenyewe. Umeikuta ilipo. Vitu vya dunia havina bahati hiyo. Hewa inavigonga, vumbi, joto, mwanga. Kila kinachogusa kitu kinaondoka na habari zake."

Sadiya alifikiri kuhusu soko. Siri ukimwambia mtu mmoja, unaweza kumwendea nyumbani ukambembeleza ainyamazie. Ukiisema sokoni siku ya mnada, jioni imeshafika Vurra ndani ya lori, imeshavuka mpaka hadi Aru, na kesho inaimbwa Ajia shambani. Hakuna aliyeificha, hakuna aliyeiua. Ipo yote. Ila nani ataikusanya?

Siku zilizobaki hakugusa tena vyombo. Alifanya mazoezi ya kuongea. Kila mteja aliyefika dirishani alimwambia jambo moja kwa sauti: kioo chako kimekufa, spika yako nzima, rudi kesho. Wa kwanza aliruka kwa mshtuko. Sadiya mwenyewe masikio yaliwaka moto. Aliendelea.

*

Chumba cha karakana huko Arua kilikuwa na madirisha makubwa na jua la asubuhi lilijaa ndani. Waliokuja kabla yake walikuwa na simu, kama alivyojua, na mmoja pasi ya umeme. Mezani walikaa wawili. Mama Paska ndiye mkuu wa karakana, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kando yake Injinia Andrew, kijana bado, shati limenyooka, aliyekuwa na shahada kutoka Kampala na hakuacha mtu asahau.

"Sadiya wa Koboko. Umeleta nini?" aliuliza Mama Paska.

Sadiya alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akainama, akaanza kupanga vyombo, na mikono ikafanya kila kitu vizuri: kalamu juu ya kibao chake, uzi, filamu, kila kitu mahali pake.

"Mikono yako naiona," Mama Paska alisema, si kwa ukali. "Ila sharti ni kinywa, mwanangu."

"Naomba... naomba tufunge madirisha, Madamu."

"Ehe! Ana sauti," Injinia Andrew akacheka. Lakini aliinuka akafunga, akatundika koti lake kuziba pengo.

Akawasha. Mistari ilisimama ukutani juu ya kalenda. Sadiya alieleza punje na wimbi kama alivyofundishwa, sentensi fupi fupi, akipumua katikati. Akaweka filamu mbili zisizofanana. Mistari ikafa. Akaweka ya tatu, akaigeuza, ikafufuka. Mama Paska alivua miwani akaifuta akaivaa.

"Hii naijua!" Injinia Andrew alipiga meza. "Hii ni ile ya nuru kutazamwa. Ikijua unaitazama inapitia wapi, inaona haya, inaacha mchezo wake, inachagua njia moja. Ni hivyo, au siyo? Nuru iko kama wewe, dada. Ukitazamwa, unakauka."

Mama Paska alicheka. Injinia alikuwa ameshachukua kalamu ya wino aandike maksi zake, uso wake wa furaha, na ilikuwa wazi kwamba angeandika nyingi. Kilichohitajika ni Sadiya kutikisa kichwa kukubali. Kutikisa kichwa alikujua kuliko kitu chochote duniani. Ni kazi aliyoifanya miaka minne.

"Hapana," alisema.

Kalamu ilisimama.

"Hapana, Injinia. Samahani. Siyo kutazamwa."

"Nimesoma haya chuo kikuu, dada yangu."

"Najua. Mimi niliishia la sita." Masikio yalikuwa yanawaka, lakini sauti ilikuwapo, akaishika kama mtu anavyoshika kamba ya ndoo kisimani. "Tangu nimewasha tunaikodolea macho mistari, sisi watatu. Haikukimbia. Ingekuwa ni macho, ingekuwa imeshakufa."

Injinia alitazama ukuta.

"Sasa naweka filamu mbili. Naomba mgeuke wote, mtazame mlango. Na mimi nageuka." Aliweka, akageuka. Walikaa hivyo, watu watatu wazima wanatazama mlango, hadi Mama Paska akaanza kutikisika kwa kicheko. "Sasa geukeni."

Ukungu mwekundu, hauna jino.

"Tumegeuka sasa hivi tu," Injinia alisema. "Labda imekufa tulipogeuka. Sasa tunaitazama."

Sadiya hakulitarajia hilo. Alizitazama tena filamu zake, moja moja. Kisha akaondoa filamu ya nyuma, akaweka ya mbele mahali pake. Mistari ikarudi, mbele ya macho yao sita.

"Macho ni yale yale," alisema. "Tunatazama vile vile. Kilichobadilika ni filamu. Filamu zikiwa tofauti, nuru ya kulia inapata alama yake, ya kushoto alama yake. Hakuna aliyeisoma. Mimi nilikaa na alama hiyo wiki nzima dukani, nikalaumu malori, sikujua kama ipo. Mistari ilikufa hivyo hivyo. Nuru haina haya, Injinia. Haya ninayo mimi."

Mama Paska alicheka tena, safari hii kwa kifua chote. Injinia Andrew hakucheka. Aliweka kalamu chini.

"Basi nijibu hili. Ukisema kila kitu ni punje na wimbi, hata jiwe ni punje na wimbi. Kwa nini jiwe nikilirusha halipiti pande mbili? Jiwe nani amelivalisha filamu?"

"Hewa," alijibu Sadiya. "Hewa inaligonga. Vumbi linaligonga, mwanga wa jua unaligonga ukiruka, na jiwe lenyewe linatoa joto. Kila kimoja kinaondoka na habari ya mahali jiwe lilipo. Hapa alama ni moja, ninaweza kuifuta kwa filamu nyingine. Jiwe lina filamu elfu kwa elfu, na zimeshatawanyika. Mistari yake inakufa kabla hujafungua mkono. Haikuondolewa na mtu. Imechukuliwa kidogo kidogo na kila kilichopita karibu."

Nje mtu alikuwa anasaga chuma, na kibao cha leza kilitetemeka kidogo. Mistari nayo ilitetemeka, ikakaa.

Injinia Andrew aliinuka, akazunguka meza, akainama mpaka shavu lake likawa karibu na uzi. "Niruhusu," alisema, na hakungoja. Akaondoa filamu, akaziweka, akageuza ile ya tatu, akarudia. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Nitarudi kwenye vitabu vyangu," alisema bila kumtazama mtu. Kwa kijana kama yeye, hilo halikuwa neno dogo.

Mama Paska alikuwa ameshaandika. "Nafasi ni yako, Sadiya. Lakini usifurahi bure. Hesabu zako ni za la sita. Kila jioni baada ya kazi utakaa darasani na watoto wadogo kwako, ujifunze upya. Watakucheka."

"Watacheka," Sadiya alisema. "Nitakaa."

Alianza kukusanya vyombo, kisha akaacha. Kulikuwa na kitu kilichomkera tangu Koboko, na Mwalimu Lomoro alikuwa amesema hana jibu la uhakika.

"Injinia, mtu akiondoa hewa yote. Akaondoa na joto, na mwanga. Kitu kikubwa kuliko nuru kitafanya mistari?"

Injinia alimtazama sasa. "Wapo wanaojaribu. Siyo jiwe. Molekuli kubwa kubwa, ndani ya mapipa ya chuma yaliyotolewa hewa. Na zimefanya mistari. Wakiachia hewa kidogo tu iingie, inafifia."

"Inafifia polepole, au mara moja?"

"Kadiri hewa inavyozidi, ndivyo mistari inavyofifia."

"Wanafanyia wapi?"

"Oo, hiyo ni mbali sana, dada."

"Mbali ni wapi?" aliuliza Sadiya, akavuta kiti akakaa.